Solange Ah-Kong, Aliyekula Ini la Chewa

Wasikilizaji wapendwa, leo sianzi na muziki. Leo naanza na jina. Solange Ah-Kong. Narudia, kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi: Solange Ah-Kong, mwenye mgahawa wa Meza Moja, pale nyuma ya forodha ya zamani, hapa hapa Port Louis. Amefariki Jumanne iliyopita, mchana. Tumemzika Alhamisi.

Tangu Alhamisi nimesikia maneno mengi mazuri. Watu wanasema alikuwa jasiri. Wanasema alikuwa na moyo wa chuma. Nami nilikuwa nimeandika hivyo kwenye karatasi yangu, tayari kuisoma kwenu kwa sauti nzito. Halafu nikaenda kumpa pole binti yake, Mireille. Akaniambia, "Kaka, nakuomba kitu kimoja. Usiseme redioni kwamba Mama alikuwa jasiri. Mama alikuwa mwoga. Aliogopa kila siku iliyoletwa na Mungu. Sema hivyo, au usiseme kitu."

Basi nasema hivyo. Solange Ah-Kong aliogopa. Karatasi yangu nimeichana.

Alizaliwa mtaa wa Wachina, kwenye duka la baba yake. Baba alikuwa Mchina wa kabila la Wahakka, anauza mchele, dengu, mafuta ya taa na samaki wakavu. Solange alisema Kihakka na baba, Krioli na mtaa mzima, na Kibhojpuri na kina mama waliokuja kununua dengu na kumvuta mashavu. Aliogopa radi. Aliogopa mbwa. Aliogopa bahari, wasikilizaji wapendwa, msichana aliyelala kila usiku akisikia honi za meli. Dada zake walipokwenda kuoga pwani, yeye alibaki mchangani akishika viatu vya wote.

Akaolewa na Clency Ah-Kong, mpishi. Wakafungua mgahawa kule nyuma ya forodha. Na hapo ndipo Solange alipoona jambo ambalo sisi sote tulikuwa tunaliona bila kuliona.

Makarani wa bandari walifanya kazi pamoja asubuhi nzima. Walitaniana, waliazimana kalamu, walikopeshana sigara. Ikifika saa ya chakula, wanatawanyika. Ismaël huyo, kwa mpishi wa Kiislamu. Vishnu huyo, kwa Wahindu wenzake. Joseph huyo, na mkate wake chini ya mti. Huyu hali nguruwe. Yule hali ng'ombe. Yule anakula kuku, ila kuku aliyechinjwa na mtu fulani kwa dua fulani. Jiji zima linafanya kazi pamoja na kula mbalimbali.

Solange akamwambia mumewe, "Samaki hachinjwi."

Clency akasema, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo samaki ni wa wote. Tupike samaki tu. Samaki, dengu na majani. Basi."

Mama mkwe aliposikia, alisimama mlangoni akajishika kiuno. "Mchina gani huyu anafungua mgahawa bila mafuta ya nguruwe? Hata paka watatucheka!"

"Paka wanakula samaki, Mama," Solange akajibu. "Hao hawatatucheka."

Sufuria zote za zamani akampa mama mkwe. Akanunua mpya, mbele ya macho ya watu, ili kila mtu ajue hazijaguswa na nyama yoyote. Wakaja. Ismaël akaja, Vishnu akaja, Joseph akaja na mkate wake. Wakakaa meza moja. Jina la mgahawa likazaliwa hapo. Samaki wa vindai, wa manjano na haradali, mchuzi wa nyanya tunaouita rugai, samaki wa mvuke kwa tangawizi, achari ya embe. Mnajua. Wengi wenu mate yanawadondoka sasa hivi.

Lakini mnajua pia kwamba kwenye karamu hatuli samaki mdogo. Tukifunga uchumba, tukipatana baada ya ugomvi, tukimuaga mwenzetu anayestaafu, tunataka chewa. Chewa mkubwa, mzima, kichwa na mkia. Kichwa kinaelekezwa kwa mgeni wa heshima, naye ndiye anayekula shavu. Chewa aliyekatwa jikoni ni tusi. Chewa aliyepungua hata pezi ni nuksi. Ndivyo tulivyo.

Na mnajua kitu cha pili, ambacho hatupendi kukitaja mezani. Kuna chewa wenye sumu. Wanaipata kwenye mwamba wanakojilisha. Samaki yuleyule, rangi ileile, macho maangavu vilevile. Sumu hiyo haina harufu. Haina ladha. Moto hauiui, ndimu haiiui. Na wazee wetu walitufundisha vipimo. Tia sarafu ya fedha kwenye sufuria, ikigeuka nyeusi, mwage. Mwekee paka utumbo, akilala vizuri, pika. Tazama kama nzi wanatua. Nani kati yenu hakulelewa na vipimo hivi? Sarafu ya Clency ilikuwa ya babu yake. Clency alipofariki kwa ugonjwa wa figo, Solange akabaki na binti, mgahawa, na ile sarafu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nakuja kwenye Jumapili ile.

Kulikuwa na familia mbili zenye maduka ya vitambaa yaliyopakana, Joomun na Ramsurrun. Waislamu na Wahindu. Walikuwa wamegombana miaka mingi kwa sababu ya ukuta. Ugomvi ulianza kwa maneno, ukaja kwenye mawe. Vijana wao walikuwa wameanza kutembea na fimbo. Hatimaye mzee Deoraj Ramsurrun akachoka. Akamtumia salamu Iqbal Joomun: njooni tule, yaishe. Tule wapi? Kuna mahali pamoja tu ambapo wote wawili wangeweza kukaa. Deoraj akaagiza chewa kwa Solange.

Solange alifanya kila alichofundishwa. Sarafu ilitoka nyeupe. Paka alikula, akajinyoosha juani, akalala. Nzi walitua. Chewa akapelekwa mezani mzima, anafuka mvuke, na kichwa kikaelekezwa kwa mama yake Iqbal, Bibi Kulsum Joomun, kwa heshima. Bibi akala shavu. Familia yake ikala kichwa na shingo, sehemu za wageni. Kina Ramsurrun, kama wenyeji, wakala mkia. Wakacheka. Deoraj akamwambia Iqbal, "Ukuta ule, bwana, tuubomoe tuweke mlango." Iqbal akasema, "Mlango? Ili uje kuiba wateja wangu vizuri?" Wakacheka tena.

Jioni Bibi Kulsum aliomba maji baridi. Mkwewe akamletea. Bibi akanywa funda moja, akaitupa bilauri ukutani na kupiga kelele, "Yanaunguza! Mmenipa maji ya moto!"

Maji yalikuwa na barafu, wasikilizaji wapendwa. Barafu ilikuwa imetawanyika sakafuni na kila mtu anaiona.

Wanaojua dalili ile hawaisahau. Baridi inakuwa moto. Midomo inakufa ganzi. Meno yanahisi kama yamelegea. Halafu tumbo, halafu miguu inakataa, halafu moyo unaanza kwenda polepole, polepole, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo. Iqbal alianguka bafuni. Watoto wake wakafuata. Upande wa pili wa ukuta, Deoraj naye alikuwa anatapika, lakini si sana. Alikuwa amekula mkia, na sumu ile hukaa zaidi upande wa kichwa.

Mmeona jambo linavyogeuka? Kina Joomun walikuwa wagonjwa sana. Kina Ramsurrun walikuwa wagonjwa kidogo. Na nani aliagiza samaki? Ramsurrun.

Asubuhi uani pa hospitali palikuwa pamejaa. Upande huu ndugu za Joomun. Upande ule ndugu za Ramsurrun. Fimbo zilikuwapo. Kijana mmoja alisema kwa sauti, "Wametuita mezani ili watuue." Mwingine akajibu, "Mkome! Aliyepika ni Mchina, kamuulizeni yeye." Na hapo mtu akauliza swali baya kuliko yote: "Kwani yeye Solange mgonjwa? Mbona yeye hakula?"

Hakula kwa sababu mwenye mgahawa hali na wageni. Lakini nani angesikiliza hayo?

Mireille alikuwa na mama yake pale getini. Anakumbuka. "Mama alinishika mkono akaniminya mpaka nikaumia. Akasema, twende nyumbani. Nikashukuru. Nilidhani tunakimbia. Tukafika jikoni, akafungua friji, akatoa bakuli la samaki aliyebaki. Akasema, turudi."

Walirudi. Solange Ah-Kong aliingia katikati ya ua, kati ya fimbo na fimbo. Akafunua bakuli. Hakutoa hotuba. Alisema, "Huyu ndiye samaki wa jana. Sikujua. Naapa sikujua. Hakuna aliyejua." Akaanza kula.

"Usiseme alikula kwa ujasiri," Mireille aliniambia. "Mimi nilikuwa karibu. Mkono wake ulitetemeka mpaka kijiko kikawa kinagonga meno. Kila mtu alisikia, ka, ka, ka. Alikuwa analia. Makamasi yanamtoka. Alikuwa anakula kama mtoto anayelazimishwa."

Mwanamke mmoja wa kina Joomun ndiye aliyemnyang'anya bakuli. "Basi! Basi, tumeona! Mungu wangu, basi!"

Kabla ya jioni Solange alikuwa amelazwa. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Bibi Kulsum. Walilala pale siku nyingi, hawawezi kushika bilauri, hawawezi kugusa bomba la kitanda kwa sababu chuma baridi kiliwaunguza. Siku moja Bibi akageuza kichwa. "We Mchina."

"Naam, Bibi."

"Una wazimu."

"Ndiyo, Bibi."

"Na samaki wako chumvi ilipungua."

Solange akafikiri kidogo. "Nilimwonja baadaye, Bibi. Kweli ilipungua."

Wauguzi walikuja mbio wakidhani wamezidiwa. Walikuwa wanacheka.

Hakufa mtu. Fimbo zikarudi nyumbani. Ukuta ukawekwa mlango. Ningependa kumalizia hapo, niwapigie wimbo. Lakini hapo ndipo hofu ilipoanza hasa.

Meza Moja ilifunguliwa tena na hakuja mtu. Ismaël alirudi kwa mpishi wake. Vishnu alirudi kwa Wahindu wenzake. Joseph na mkate wake. Solange alikaa na meza safi na hakuna wa kuikalia. Sarafu ya Clency alikuwa ameitupa baharini kwa hasira. Na kipimo kingine hakikuwapo. Mtu hawezi kumpeleka kila samaki maabara na kusubiri majibu wakati samaki anaoza.

Ndipo akatangaza. Mimi nitakula kwanza. Kila samaki wa karamu, nitamla mimi kabla ya adhuhuri, na nyinyi mtakula jioni. Nikiwa mzima, mtakula.

Watu wakasema, vizuri. Halafu, nisikilizeni, halafu wakasema: lakini chewa asikatwe.

Tulisema hivyo. Jiji hili. Tulitaka mtu ahakikishe samaki hana sumu, na tulitaka samaki aje mzima, asipungue hata pezi. Sasa angekula nini? Akala kile kinachotolewa wakati wa kumsafisha samaki. Akala ini. Na ini, wasikilizaji wapendwa, ndimo sumu inamojikusanya. Ili sisi tusione alama ya kisu kwenye mgongo wa chewa, yule mama alikula kipande kibaya kuliko vyote.

Daktari alimwita. Alimweleza mbele ya Mireille kwamba mwili ulioumwa na sumu ile mara moja hausahau. Kiasi kidogo ambacho mwingine hatakihisi, yeye kitamwangusha. "Hata usile samaki kabisa," akamwambia. Solange akauliza, "Yaani mimi nitaihisi kabla ya mtu mwingine yeyote?" Daktari akasema ndiyo. Solange akasema, "Basi mwonjaji ni mimi hasa." Daktari akafunga faili lake kwa nguvu.

Ikawa desturi. Asubuhi anakula ini lililochemshwa, peke yake, amegeukia ukuta. Halafu anakaa kwenye kiti nje, na bilauri ya maji ya barafu. Anapiga funda dogo. Anasubiri. Anapiga jingine. Makarani walipita wakampungia mkono: "Vipi, Shangazi, baridi bado baridi?" Naye anajibu, "Bado baridi, mwanangu, leo utakula." Wanacheka, wanakwenda zao. Tulifanya hofu ya mtu kuwa salamu ya asubuhi.

Mireille anasema siku za karamu mama yake hakulala usiku wa kuamkia. Alifagia. Alifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Akila ini alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, na meza ile ina alama za kucha. Kuna siku maji yaliunguza. Siku hizo chewa alizikwa na chokaa uani, Solange akalazwa ndani pazia limeshushwa, na wageni wakapewa dengu na samaki wadogo. Mnadhani walishukuru? Mjomba mmoja wa bwana harusi aligonga meza: "Nimekuja kula chewa, sikuja kula huruma!" Solange alitoka chumbani akijishikilia ukutani, midomo imekufa ganzi. "Kula huruma, mjomba," akamwambia. "Haina miba."

Mireille aligombana naye. Waligombana kila mwaka. "Mama, acha chewa. Pika samaki wadogo. Nani atakufa kwa kukosa chewa?"

"Nikiacha chewa, karamu zitakwenda kwingine. Karamu zikienda kwingine, kila mtu atakwenda kwa watu wake. Uliona ule ua wa hospitali?"

"Niliona."

"Mimi bado nauona. Naogopa hilo kuliko ini."

Hilo ndilo lililokuwa mizanini. Hofu moja dhidi ya hofu nyingine. Kila asubuhi ya karamu alipima na kila asubuhi ya karamu alikula.

Jumanne iliyopita palikuwa na karamu ya kumuaga karani wa bandari anayestaafu. Waliitaka mchana, si jioni. Shughuli zao za jioni haziruhusu, walisema. Kwa hiyo Solange akala ini alfajiri. Chewa alikuwa mkubwa, Mireille anasema, mkubwa kuliko sinia lolote walilonalo. Wageni walianza kuingia. Mashati meupe, tai, vicheko. Solange alikuwa kwenye kiti chake nje.

Akamwita binti yake kwa sauti ndogo. "Mireille. Yanaunguza."

"Nimwite daktari."

"Kwanza mtupe chewa."

"Mama, daktari kwanza!"

"Watu wameshakaa. Mtu ataingia jikoni ambebe mezani. Mtupe, Mireille. Mtupe sasa."

Mireille akakimbia. Alimbeba chewa mikononi, anateleza, mzito kama mtoto. Alipita mlango wa nyuma, akamtumbukiza shimoni, akammwagia chokaa. Wakati anamwaga alisikia mgeni mmoja akipiga kelele ukumbini, kwa furaha tu, kwa mzaha: "Jamani, chewa vipi? Njaa inatuua!"

Aliporudi, mama yake alikuwa ameinama mbele, kidevu kifuani. Moyo ulikuwa umesimama.

"Nilimkumbatia samaki," Mireille aliniambia. "Mama sikumwahi."

Alhamisi, Iqbal Joomun na Deoraj Ramsurrun walishika jeneza, mmoja mbele, mmoja nyuma, wazee wote wawili, wakikataa kupokelewa na vijana. Bibi Kulsum hayupo tena duniani. Angekuwapo, angemwambia Solange tena kwamba ana wazimu.

Kwa Mireille Ah-Kong, kwa ndugu wote wa mtaa wa Wachina, kwa wapishi na wahudumu wa Meza Moja: sisi wa redio hii tunawapa pole. Tunalia nanyi. Mungu ampumzishe Solange mahali asipoogopa.

Na kwenu nyote mnaonisikiliza. Mireille amenipa ujumbe niwafikishie. Meza Moja itafunguliwa Jumatatu. Hakutakuwa na chewa. Si Jumatatu, si siku ya harusi yako, si siku ya kustaafu kwako. Hatakuwapo mtu wa kuonja. Watapika samaki wadogo wa pwani, wa ukubwa wa kiganja, ambao sumu ile haiwafikii, na dengu, na majani. Mireille anaogopa. Ameniambia waziwazi kwamba anaogopa Jumatatu atapanga viti na hakuna atakayekuja. Anaogopa kwamba mama yake alikuwa sahihi, kwamba bila chewa tutatawanyika, kila mtu kwa watu wake, na fimbo zitatoka tena zilipowekwa.

Mimi sijui. Nasema kweli, sijui, na jana sikulala. Ninajua tu kwamba jibu hana yeye. Jibu mnalo nyinyi mnaonisikia, Ismaël na Vishnu na Joseph, na wewe mjomba uliyegonga meza, najua unanisikia. Fikirini mpaka Jumatatu. Fikirini ni nani alikula ini ili sinia lenu lipendeze.

Halafu njooni, saa ya chakula. Mimi nitakuwa pale mapema. Nitakaa kwenye meza ya katikati, yenye viti vingi, na nitaogopa mpaka nitakapomwona wa kwanza anaingia.